Fanesi inayokula dhahabu: angalia waya kwanza kabla hujalaumu kapeli

Juzi dogo mmoja kanipigia simu, ndo kwanza ameanza kazi maabara ya kupima dhahabu huku Kanda ya Ziwa, ananiambia "kaka fanesi yetu inakula dhahabu." Nikacheka afu nikaacha kucheka mana mimi mwenyewe ilinitesa karibu mwezi mzima. (Fanesi, yani tanuri la kuyeyushia, sio fenesi, mke wangu mpaka leo anauliza lile tunda tunalichomea nini.)

Kwetu ilianza hivi. Sampuli tunayeyusha na litaji (oksidi ya risasi, yale madini), soda na boraksi kwenye nyuzi 1,050 hivi, kile kipande cha risasi kinachokaa chini tunakihamishia kwenye kapeli, kile kikombe kidogo kinachonyonya risasi, kwa nyuzi 920, risasi inanyonywa na kapeli inabaki shanga ndogo ya dhahabu na fedha. Sasa shanga zikawa zinatoka kiduchu, sampuli ya kujikagulia nayo inashuka kila siku, bosi akalaumu kapeli tukabadilisha, wapi. Kontrola, kile kifaa kinachoonyesha na kurekebisha joto, inasoma 920 imetulia kabisa. Kuna mzee wa siku nyingi akaokota kapeli moja iliyotumika, akaigeuza kwenye mwanga akaniuliza "manyoya yako wapi?" Yani joto likiwa sawa, litaji inaganda pembeni ya kapeli kama vimanyoya vya njano, fanesi ikizidi moto huvioni, na fedha inapotea pamoja na risasi, dhahabu nayo inafuata kidogo.

Kumbe themokapo, ile fimbo ya kupimia joto la fanesi, ilibadilishwa na fundi wa umeme wa majumbani, kutoka kwenye kichwa cha themokapo, pale waya zinapoungwa, mpaka kwenye kontrola kavuta waya wa kawaida wa shaba. Kile kichwa kipo karibu na ukuta wa fanesi, kina nyuzi 70, kontrola ipo kwenye nyuzi 30, hizo 40 katikati zinapotea, kontrola inadhani fanesi imepoa inazidi kusukuma moto. Tulikuwa tunachoma kwa 960 huku tunasoma 920!

Kwa hiyo waya wa kuunganishia uwe wa aina ileile ya themokapo, themokapo zina aina kama K na S, basi K kwa K, S kwa S. Na msidanganyike na rangi, waya za K za Kimarekani nyekundu ndo negativu, mafundi wengi wanaigeuza hapo. Mi natembea na sumaku ya spika mbovu, kwenye themokapo ya K ule mguu unaoshika sumaku ndo negativu, basi. Na kila baada ya miezi michache weka chembe ya dhahabu safi kwenye kigae karibu na ncha ya themokapo, pandisha taratibu, inatakiwa iyeyuke kwenye 1,064, ikiyeyuka huku kontrola inasoma 1,030 ushajua. Chembe yako usisahau kuitoa, itaondoka na mtu.

Sakafu ya ndani nayo, chungu cha kuyeyushia sampuli kikipasuka litaji inakula tofali kama mchwa. Sisi tunatandika kigae cha kubadilisha, juu yake unga wa kapeli zilizovunjika, mpya lakini, zilizotumika zina risasi. Litaji ikimwagika badilisha, usisubiri wiki iishe.

Elementi za fimbo zinazotoa moto, zile za silikoni kabaidi, zinazeeka taratibu, ukinzani unapanda na moto unapungua, ndo mana naandika kwenye daftari fanesi imetumia dakika ngapi kutoka baridi mpaka 1,050, ikianza kuchelewa napima ampea za kila laini. Klipu za kwenye ncha kaza fanesi ikiwa baridi, breka chini, kufuli, ufunguo mfukoni mwako sio mezani.

Usafi sasa, hapa sitanii. Marufuku ufagio mkavu, marufuku blowa, lile vumbi ni risasi na ile sufi nyeupe ya kuzuia joto nayo ni mbaya kwenye mapafu. Tumia vakyumu yenye filta ya HEPA, ile inayonasa vumbi laini kabisa, vaa maski ya filta ya P100 (daraja la juu la kuzuia vumbi) sio ya kitambaa, na ovaroli isiende nyumbani kuoshwa na nguo za watoto.

Dogo nikamwambia afungue kile kichwa cha themokapo yao anitumie picha. Ikaja usiku: waya mbili za shaba zimesokotwa, juu zimefungwa tepu nyeusi iliyoanza kuyeyuka.