Jibu: Tukope tangi la kupozea maziwa sasa au tungoje?

Habari ndugu. Umeuliza kama kampuni yenu ya wakulima hapo Njoro ikope milioni 6 za tangi la lita 5,000, kwa kuwa hesabu ya wastani inaonyesha faida.

Wastani usikutulize. Fungua kwanza daftari la mapokezi la Januari hadi Machi, nyasi zikiwa zimekauka. Mkopo huo kwa riba ya asilimia 15, miaka 5, unadai takriban 143,000 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Mkipokea lita 2,000 kwa siku na kubaki na shilingi 3 kwa lita, mna 180,000 kwa mwezi kabla ya umeme, dizeli ya jenereta na mishahara. Ukitoa rejesho zinabaki 37,000 tu za kulipia hayo yote. Pengo litazibwa kwa kushusha bei ya mkulima. Vitabu vya kampuni vitaonekana sawa, karo ndiyo itakosekana nyumbani.

Lakini kungoja nako kuna gharama: maziwa ya jioni yanayomwagwa kwa kukosa pa kupozwa. Hayo wakurugenzi hawayahesabu, nayo ni hasara ya kweli kabisa kwa kijiji.

Ningeanza na tangi la lita 2,000. Tangi huuzika tena. Lakini pesa za msingi wa saruji na za kuvuta umeme wa fezi tatu (ule wa nguvu wa mitambo) hazirudi, kwa hiyo pimeni hatari hapo. Na kabla ya kutia sahihi, ombeni benki ratiba yenye rejesho dogo miezi ya kiangazi.