Kiuwanja cha kupanga Dar: kabla ya maua, acha kupuliza dawa mdimu

Mleta uzi, umeuliza upande maua gani ili ndege na vipepeo waje kwenye kiuwanja cha nyumba uliyopanga. Maua nitayataja, ila umesema pia mdimu unaliwa na viwavi na unataka kuupulizia dawa. Mkuu, hao ndio vipepeo wenyewe!

Kwangu Tabata nina milimao. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga. Kiwavi akiwa mdogo utadhani ni kinyesi cha ndege, na ndiyo kinga yake hiyo. Akikua anakuwa wa kijani, ukimgusa anachomoa vijipembe viwili vya rangi ya chungwa vinavyonuka. Hana madhara kwa mtu. Mti mkubwa unachipua tena na ndimu utachuma kama kawaida. Mche ndio unaweza kubakia vijiti, kwa hiyo kwenye miche nawaokota na kuwahamishia mti mkubwa. Halafu ndege kama chozi (yule mdogo anayefyonza maua) na mnana hulisha makinda yao wadudu. Ukipuliza dawa, ndege unaowaita wanakosa chakula.

Maua sasa: aloevera na haibiskasi kwa chozi, mlonge kwa nyuki. Ukiwa na mpapai, papai moja la juu kabisa waachie ndege shore, kwanza hulifikii.

Maji weka kwenye sahani pana isiyo na kina, na jiwe katikati. Yabadilishe kila siku na usugue ukingo, maana mbu wa dengue hutaga kwenye maji yaliyotuama na mayai yake hugandia pembeni.

Makombo ya wali usimwage nje, na pipa la taka lifunike. Utaita kunguru, wale wa shingo ya kijivu. Hawa waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wasaidie kusafisha taka, leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu.

Majani makavu usichome yote. Lundika kidogo kona ya mbali, wadudu na mijusi watapata pa kukaa, ila si karibu na mlango kama nyumbani wanaogopa nyoka.

Na kwa vile umepanga, haibiskasi na aloevera weka kwenye ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, ukihama unahama nazo. Mdimu mwachie mwenye nyumba.