Habari, taarifa au maarifa: unasimamia kipi hasa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tunaandaa mpango wa ofisi, bosi kaandika kichwa "Usimamizi wa habari kwa ajili ya kujifunza na mabadiliko". Mwenzangu kacheka akasema hapo mtu atadhani tunaanzisha redio. Mimi naona taarifa, mwingine anataka maarifa. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Mwenzako kacheka kwa haki, japo bosi hajakosea sana. Habari kwa asili ni jambo lolote linalosimuliwa, ila siku hizi limeshavutwa na vyombo vya habari kiasi kwamba ukilitumia ofisini lazima ulifafanue. Na ndo maana redioni wanasema "taarifa ya habari" na hakuna anayeona ajabu, yaani habari ndo mambo yenyewe, taarifa ni yale mambo yakishapangwa yakatolewa kwa watu.

Sasa taarifa na maarifa. Haya ni ndugu wa damu, mzizi mmoja wa Kiarabu wa kujua na kujulisha, humohumo ndo limetoka kuarifu, arifa ile inayolia kwenye simu, hata maarufu. Ila undugu usikudanganye, angalia vitenzi vinavyoandamana nayo. Taarifa inatolewa, inapokelewa, inachelewa, inapotoshwa. Maarifa hayachelewi, mtu anayapata au hana. Kwa hiyo ripoti, mafaili, takwimu za mwezi, zote ni taarifa, na hizo kweli unaweza kuzisimamia kabatini au kwenye kompyuta. Yule mzee wa ofisi anayejua kwa nini mpango wa mwanzo ulikwama, yale ni maarifa, na akistaafu anaondoka nayo faili likiwa limebaki palepale!

Huu mgawanyo wa yanayoandikika na yanayobaki kichwani, mwanafalsafa Michael Polanyi aliuandika tangu miaka ya 1950 na 1960, halafu Ikujiro Nonaka wa Japani akauingiza kwenye mambo ya makampuni miaka ya 1990. Maarifa kama ya yule mzee wengine huko kwetu wanayaita "maarifa fiche", mimi silipendi, linanipa picha ya mtu kaficha kitu kwa makusudi wakati mwenyewe anataka kusema ila maneno hayatoshi. Afadhali "maarifa yasiyoandikika", refu kidogo lakini linaeleweka.

Ngeli nazo watu wanazichanganya sana: taarifa hii, taarifa hizi, maarifa haya, siyo "maarifa hizi". Na tafadhali hakuna "mataarifa".

Kuhusu mabadiliko, limetoka kwenye kubadilika, halisemi nani kabadilisha, linafaa hata kwa hali ya hewa. Mageuzi yana mkono wa mtu ndani yake, lakini lina uzito wa siasa kidogo, bosi akiliandika wafanyakazi wataanza kuulizana nani anapunguzwa. Liacheni mabadiliko.

Ningekuwa mimi ningeandika "Kusimamia taarifa ili tujifunze na kubadilika". Hiyo "tu" ndo naipenda zaidi, maana kwenye kichwa cha bosi huwezi kujua anayejifunza ni nani. Ila kama kwenye mpango mna kipengele cha kukaa na wazee kabla hawajastaafu, basi ongezeni na maarifa, mwenzenu wa tatu naye atakuwa kapata haki yake.