Homa baada ya upasuaji wa saratani ya puru: mpelekeni leo

Ndugu yangu wa Shela, umesema babako karudi juzi kutoka Mombasa alikokatwa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, sasa ana homa na anatokwa na uchafu nyuma, na jirani amekwambia kila aliyepasuliwa hupitia hayo. Nimemuuguza mume wangu kwa ugonjwa huohuo hapa Lamu mjini. Mpelekeni leo, msingoje asubuhi.

Homa ndogo ya siku moja mbili za mwanzo hutokea na mara nyingi hupita. Ya kuogopwa ni ile inayomjia mgonjwa ameshaanza kula na kutembea. Baada ya kukata kipande chenye saratani, daktari huunganisha utumbo, na kiungo hicho, huko chini ndani ya nyonga, kinaweza kuvuja, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza, japo pengine baadaye. Uchafu wa choo ukipenya, jipu hufanyika ndani ambako hamulioni. Mshono wa tumbo unaweza kuwa mkavu, safi kabisa, na mtu anaungua kwa homa.

Mume wangu alianza kutetemeka baada ya Isha. Moyo ulimwenda mbio na yeye kalala tu, chakula hakitaki, kiuno kinamuuma, na kila saa anahisi haja kubwa ilhali choo chake kilikuwa kikitokea tumboni, kwenye mfuko uliobandikwa hapo ili utumbo wa chini upumzike. Watu wakasema malaria. Apimwe malaria, ni sawa, lakini daktari aambiwe kabla ya lolote kwamba huyu ameungwa utumbo karibuni.

Kuhusu huo uchafu: hata mwenye mfuko hutokwa na ute nyuma, maana utumbo uliopumzishwa bado hutengeneza ute. Huo usikutishe. Usaha wenye harufu kali, pamoja na homa, ndio wa kukimbiza mtu hospitali.

Na mfuko wenyewe hauhakikishi kwamba kiungo hakitavuja. Hupunguza ukali wa madhara kikivuja. Mume wangu alipigwa picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, akawekewa mrija wa kutoa usaha na antibaiotiki za mshipa, akapona bila kupasuliwa tena. Wengine hulazimika kurudi chumba cha upasuaji, na jambo hili likicheleweshwa huua. Mwenye kisukari, mvutaji sigara, aliyedhoofu kwa kukosa lishe na aliyepigwa mionzi kabla ya upasuaji wana hatari zaidi, kwa hiyo kama babako ni mmojawapo, semeni.

Hukueleza kama njia ya nyuma imeshonwa ikafungwa kabisa. Kama imefungwa, kidonda cha hapo hupona polepole na huambukizwa kwa urahisi, hasa baada ya mionzi. Kioshwe na kifungwe kama mlivyoelekezwa. Sisi tuliletewa mwarobaini na asali kwa mapenzi mema. Niliwashukuru walioleta na sikuweka chochote kidondani.

Jingine ni maji. Kama mfuko unapokea choo kutoka utumbo mwembamba, maji na chumvi hutoka kwa wingi, na joto letu hili linaongeza. Madafu ni mazuri lakini yana chumvi kidogo, mpeni ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Mkojo ukipungua na kuwa mzito, au akisimama anaona kizunguzungu, hilo nalo si la kungoja.

Msimpe parasetamoli mfululizo kabla ya kumpima joto, kwani itaificha homa. Iwe imefika 38 au zaidi, au haijafika lakini anatetemeka na moyo unakwenda mbio, chukueni boti leo mpaka mjini, hospitali ya King Fahd, na barua ya hospitali iliyompasua. Mpigieni pia daktari aliyempasua mkiwa njiani. Ikiamuliwa apelekwe mbele, kuna kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara, na barabara ndefu, basi ulizeni kama dripu na dawa za mshipa zinaweza kuanzwa kabla hajapanda boti.

Mkishafika niandikie hapa joto lake na kama ana kisukari. Niko macho.