Mwanangu, hela ya Maldives haijaishia kwenye vocha

Marahaba mwanangu. Umeniuliza, hoteli ya Maldives mmeshailipia siku tano na vocha, ile karatasi ya malipo, mnayo, chai ya asubuhi na chakula cha usiku vimo, sasa mbebe dola ngapi na je mbebe kesh au mtegemee kadi. Nakujibu kwa kirefu maana miaka yote ile niliyokaa mapokezi kule Nungwi kazi yangu ilikuwa kumpa mgeni bili siku ya kuondoka, na sura za watu nimeziona.

Kinachomaliza watu ni kusaini. Kule kisiwa kizima ni hoteli moja, hakuna kutoka getini ukanunue maji kwa Mangi, kwahiyo kila kitu mtu analetewa kikaratasi anaandika namba ya chumba anasaini, hela haijatoka mfukoni basi anaona hajatumia. Nilikuwa navitoa vile vikaratasi kwenye droo namwekea mgeni mezani, mume anamgeukia mke, hii sahihi ya nani, kumbe yake mwenyewe. Kila jioni piteni mapokezi muombe bili ilipofikia, hakuna aibu hapo, kama kuna juisi hamkunywa inafutwa siku hiyohiyo wakati mhudumu bado anakumbuka, lakini ukisubiri asubuhi ya kuondoka boti inawasubiri utalipa tu yaishe.

Alafu soma menyu vizuri. Ukiona alama mbili za kujumlisha (++) baada ya bei ujue bado haijawekwa sevisi chaji asilimia 10, na juu yake kodi ya utalii asilimia 17 (ilipanda Julai 2025). Yaani juisi ya dola 10 unailipa 12.87. Chakula cha mchana hakimo kwenye vocha yenu, tuseme kila mtu anakula cha dola 30, nyie wawili ni zaidi ya 77 kwa siku, siku tano inakaribia 390. Kuna na kodi ya mazingira, hoteli kama yenu ni dola 12 kwa kichwa kwa kila usiku, hiyo kwenu wawili kwa usiku tano ni 120, na hoteli nyingine inaidai siku ya mwisho kabisa. Ukiweka vinywaji na safari moja ya baharini mimi nisingetoka Dar na chini ya dola 1,000, na hapo sijagusa usafiri wa kwenda kisiwani.

Huo usafiri ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Umesema hoteli iko Baa, lile kundi la visiwa mbali na mji mkuu Malé, na ndege yenu inatua saa 12 jioni. Zile ndege ndogo za kutua majini zinaruka mchana tu, mkifika jioni hampati, mtalala Hulhumalé karibu na uwanja wa ndege au Malé kwa hela yenu na kule hotelini usiku mmoja unapotea mmeshaulipia. Waandikieni hoteli leo muulize kama wanaweza kuwapeleka kwa ndege ya kawaida hadi Dharavandhoo, kiwanja kilichoko hukohuko Baa, halafu boti, hiyo huwa inaruka hata usiku, na waulizeni bei ni ya kwenda na kurudi au upande mmoja, maana inaweza kufika mamia ya dola kwa kila mtu.

Kuhusu kubeba, kesh dola 300 inatosha, nunua benki au bureau yenye leseni, chagua noti mpya na ziwe ndogondogo, za 1 na za 5 utazihitaji kwa yule anayewasafishia chumba. Rufiyaa, hela ya kule, badili kidogo tu, dola moja ni kama 15.42, na zikibaki ukirudi nazo Dar hakuna atakayekubadilishia. Kilichobaki kiwe kwenye kadi, mbili za benki tofauti, moja akae nayo mwenzio, na pigeni simu benki kabla ili wazifungue kwa matumizi ya nje. Mkifika hoteli inaweza kushikilia hela kwenye kadi kama dhamana, kwa kadi ya debit hiyo hela huioni tena mpaka siku kadhaa baada ya kuondoka, kwahiyo usiijazie hesabu ya kutosha tu, acha na nafasi. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au dola, chagua dola, ukichagua shilingi wanakubadilishia kwa rate yao na ni mbaya.

Lakini usiende ukajibana mpaka usifurahi. Kama mnaenda kati ya Mei na Novemba tengeni hela ya kwenda ghuba ya Hanifaru, hukohuko Baa, wanapokuja kula manta, wale samaki wakubwa wa jamii ya taa, mnaogelea juu kwa juu dakika 45, kuzamia na mitungi hairuhusiwi. Hiyo lipieni bila kinyongo, juisi za kando ya bwawa ndio mpunguze. Na siku ya kurudi kama mna masaa vukeni Malé mkale mas huni kwenye vihoteli vya wenyeji, ni jodari na nazi na pilipili, inaliwa na kama chapati hivi, kwa rufiyaa chache tu mmeshiba.

Nitumie ile vocha nzima, kurasa zote, niipitie kabla hujanunua dola. Msalimie mkwe wangu.

Mama