Kabla hujatengeneza app ya amani, tafuta nani atajibu meseji

Vijana wengi wanaojua mambo ya programu wananiuliza tutumie app gani kuzuia vurugu au kusaidia watu wakati wa majanga, na mimi nawarudishia swali: nani atakuwa macho saa nane usiku kujibu hizo meseji? Maana kukusanya taarifa ndo kazi nyepesi kuliko zote, watu wakiwa na hofu wanataka kusema, ukiwapa namba tu zitaingia. Shughuli ni baada ya kuingia.

Niliwahi kujitolea kwenye timu ya kupokea na kuhakiki taarifa, kipindi jamii mbili jirani zimevurugana. Tulikuwa na laini moja ya meseji, laptop tatu na ramani ya mtandaoni, tukajiona tumejipanga. Siku ya pili meseji zikawa nyingi mpaka tunasoma kwa zamu, vidoti vyekundu vinaongezeka kwenye ramani na sisi tunafurahi kwamba mfumo unafanya kazi. Sasa kuna mama mmoja akatuma anauliza ni kweli kuna kundi linakuja upande wao? Tukafuatilia, tukapiga simu, ikaonekana hakuna kitu, tukaandika "si kweli" kwenye jedwali letu tukahamia nyingine. Yule mama hatukumjibu. Usiku uleule familia za upande wake zikaanza kuhama kwa miguu na watoto mgongoni, na wale wa upande wa pili kuona wenzao wanahama wakajua kuna jambo linapangwa dhidi yao, vijana wao wakatoka na silaha. Wazee wa pande zote mbili ndo waliokimbia kuwatuliza na tunashukuru hakufa mtu. Lakini jibu lilikuwepo, lilikaa kwetu kwenye laptop masaa yote hayo. Mpaka leo linaniuma.

Tangu siku hiyo kila mradi nauangalia kwa swali hilohilo, jibu linarudi kwa nani. Chukua Ushahidi, ilizaliwa Kenya Januari 2008 kwenye vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali imezuia matangazo ya moja kwa moja, ndo mwanablogu Mkenya Ory Okolloh na wenzake wakaweka ramani mtandaoni ambayo mtu yeyote anatuma alichokiona kwa wavuti au kwa SMS. Naiheshimu sana hiyo kazi na imetumika nchi nyingi baadaye. Ila ramani inamsaidia zaidi aliye mbali kujua kilichotokea, aliye ndani ya moto anataka kujua njia ipi iko salama sasa hivi.

Ndo maana mradi unaoitwa Una Hakika nauona una somo kubwa zaidi kwa wajenga amani. Huu ulianza Tana Delta, hukohuko Kenya, baada ya mapigano ya Waorma na Wapokomo ya 2012 na 2013 yaliyoua watu zaidi ya 100, na uvumi ulichangia sana kuyachochea. Unasikia tetesi, unatuma meseji au unapiga simu, timu inawauliza wajitoleaji walioko vijijini na vyanzo vingine, halafu jibu linakurudia wewe uliyeuliza na watu wa eneo lako. Angalia hapo, teknolojia yenyewe ni ya simu ya kitochi tu, uzito wote uko kwa wale watu wa vijijini wanaoaminika.

Kwahiyo ukianza, anza na watu, na uanze wakati kumetulia. Wahakiki watoke pande zote zinazogombana, maana jibu lenye ukweli likitoka kwa mtu wa upande mmoja, wa upande wa pili hawalipokei kabisa. Wawepo wanawake, wanasikia mambo ambayo kwenye vikao vya wazee hayafiki. Lugha nayo usiichukulie poa. Baada ya tetemeko la Haiti la 12 Januari 2010 watu walituma meseji bure kwenda namba 4636, nyingi kwa Krioli, lugha yao, na bila Wahaiti waliojitolea kuzitafsiri, wengine wakiwa nje ya nchi, waokoaji wa kigeni wasingeelewa mtu anaomba nini na yuko wapi.

Redio usiidharau pia. Kituo cha redio cha RTLM kule Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, kilikuwa kinataja majina ya watu na sehemu walikojificha ili wauawe, hiyo ni nguvu ya sauti ambayo watu wameizoea. Basi mzungumze mapema na watangazaji wanaosikilizwa, mkubaliane jibu lililohakikiwa litasomwa vipi na nani.

Halafu usalama wa anayetoa taarifa, hapa watu wanakosea sana kwa kutaka ramani iwe ya papo kwa papo. Libya 2011 ramani ya umma ya wajitoleaji waliosaidia Umoja wa Mataifa ilicheleweshwa masaa 24 na taarifa nyeti zikaondolewa, walifanya vizuri. Jina, namba ya simu na kijiji cha mtu havitakiwi kuonekana na kila mtu, futa kabla hujapandisha chochote.

Kwa admini wa magrupu, WhatsApp ilipunguza kufowadi hadi chati 5 kwa mara moja tangu Januari 2019, inasaidia, lakini mtu aliyepania atakopi tu. Mimi nauliza maswali matatu, umeona mwenyewe au umetumiwa, ilikuwa lini, ni wapi hasa. Wengi wanakwama kwenye la kwanza. Na ukisahihisha usimwaibishe aliyeleta, mtu akiaibishwa mbele ya watu kesho atapeleka tetesi zake kwenye grupu ambalo wewe haumo.

Laini yetu hatujaifunga japo kumetulia siku nyingi. Wiki hii zimeingia meseji mbili, moja inauliza kuhusu mifugo iliyopotea, nyingine mtu amesikia kuna mkutano wa siri. Kwenye mifugo nimemjibu ndani ya dakika kumi. Ya mkutano nimemwandikia kwamba tumeipata, tunaulizia, na nitamrudia kabla ya jioni hata kama sitakuwa na jibu kamili.