Mfarishi Uliojikunja na Taa Iliyobabuka

SWALI: Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji, na kwa miaka mingi nimekuwa nikihifadhi vipande vya vitenge vinavyobaki baada ya kushona nguo za wateja. Niliviunga nikapata mfarishi wa kumtunza binti yangu anayetarajia kuolewa, katikati nikaweka blanketi jipya la pamba, na vilivyosalia nikatengenezea chengeu cha taa ya pembeni ya kitanda. Mfarishi ulipofuliwa mara ya kwanza ulijikunja, kitenge kimoja chekundu kikachuja na kutia madoa vipande vyeupe, na chengeu nacho kimebabuka kwa juu. Nilikosea wapi?

JIBU: Mama, hongera kwa kumwoza binti. Ushonaji wako hauna kasoro. Kilichokuponza ni kukata kabla ya kufua. Kitenge kipya cha pamba huwa na wanga, nacho hurudi, yaani husinyaa, kinapoingia majini. Blanketi pia hurudi, lakini si kwa kiasi kilekile, na vinapovutana ndipo mishono hukunjamana. Fua kila kitambaa pamoja na bitana na blanketi, kausha, piga pasi, ndipo ukate. Kitenge chekundu au cha buluu nzito kipime kwa kukikandamiza na kitambaa cheupe kilicholowa: kikiacha rangi, endelea kukisuuza peke yake hadi maji yawe meupe, na kisipokoma kuiacha, kitie kwenye kazi nyingine.

Kwa kitanda cha futi 5 kwa 6, mfarishi wa sentimita 210 kila upande hufunika vizuri na kuning'inia kidogo. Ukikata vipande vya mraba vya sentimita 17 na kuacha sentimita 1 ya mshono kila ukingo, kila kimoja kitabaki na 15, na utahitaji vipande 196. Piga bandi (mishono mipana ya muda) matabaka yote matatu kwanza, kisha shona kuanzia katikati kuelekea pembeni, mistari isiachane zaidi ya upana wa kiganja, ili cha ndani kisihame. Kwa joto la mwambao wa Ziwa Tanganyika, blanketi jepesi linatosha; zito ungelishona kama binti angeolewa kwenye vilima vya Kasulu.

Kuhusu taa, bila shaka ulitumia balbu ya waya, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto. Tumia balbu ya LED ya wati 5 hadi 7, yenye mwanga wa njano (mwanga mkali tuwaachie wavuvi wa dagaa), uache nafasi ya sentimita 10 kati yake na kitambaa, na chengeu kiwe wazi juu na chini ili hewa ipite. Viraka usivitumie hapo hata kidogo, kwa sababu taa ikiwashwa kila mshono huonekana kama mstari mweusi. Chagua kitenge kimoja kati ya vile vya mfarishi, chenye mandhari ya rangi nyepesi, ukivishe kizima juu ya fremu ya waya. Holda na waya mwachie fundi umeme, maana volti 230 si za kujaribia.

Mfarishi ulioharibika usiutupe. Usiupige pasi, kwa kuwa joto hukaza doa. Urudishe kwenye maji mengi ya baridi na sabuni, na vipande vitakavyobaki na wekundu vifunike kwa viraka vipya vilivyokwisha kufuliwa, uvishone kwa mkono.